Kwa Nini Shabiki Huvuka Bahari?

Kila mtu ajua shabiki wa mpira ni mtu wa namna gani. Timu yake ikienda kucheza mji mwingine, naye yumo ndani ya lori, amevaa rangi za timu, na sauti imekwisha kumkauka kabla mchezo haujaanza. Hatumshangai, kwa kuwa matokeo ya mchezo hayajulikani. Akibaki nyumbani, goli litafungwa yeye asilione.

Lakini shabiki wa muziki je? Nyimbo azijua zote kwa moyo, na santuri anazo nyumbani. Kwa nini basi atumie akiba yake, apande ndege na kuvuka bahari, akasikilize nyimbo zilezile katika nchi ambayo hata lugha yake haijui? Wengi husema huo ni wazimu. Nataka kueleza kwamba si wazimu, na pia kuonyesha ni wapi unapoanza kuwa wazimu. Mfano nitakaoutumia ni wa kweli.

Palikuwa na bendi ya Kimarekani iliyoitwa Grateful Dead, maana yake Mfu Mwenye Shukrani. Ilianza mwaka 1965 katika jimbo la California, ikapiga muziki wa roki uliochanganyika na jazi na nyimbo za watu wa mashambani. Mpiga gita wao, Jerry Garcia, alilikuta jina hilo katika kamusi. Ni jina la hadithi ya kale isimuliwayo katika nchi nyingi: msafiri akuta maiti imekataliwa kuzikwa kwa sababu marehemu aliacha deni; yule msafiri alilipa kwa fedha zake za mwisho, maiti ikazikwa, naye akaenda zake. Mbele ya safari akaingia hatarini, akatokea mtu asiyemjua akamwokoa, kumbe ndiye yule marehemu. Hadithi hiyo tuiweke akilini, maana tutairudia.

Bendi nyingi hupanga nyimbo zao kabla, na zikizunguka miji ishirini, miji yote husikia mambo yaleyale. Grateful Dead hawakufanya hivyo. Nyimbo za usiku mmoja hazikuwa za usiku uliofuata. Wimbo uliochukua dakika chache jana uliweza leo kuchukua dakika ishirini, kwa sababu wapigaji walitunga papo hapo, huyu akimsikiliza mwenzake na kumjibu. Siku nyingine walipotea njia, na muziki ukawa mbaya kabisa. Siku nyingine walifika mahali ambapo wao wenyewe hawakupata kufika. Basi waona ya kuwa muziki wao ulikuwa kama mchezo wa mpira: matokeo hayakujulikana. Kwa miaka 30 walipiga mbele ya watu mara zipatazo 2,300, na hapana mara mbili zilizofanana.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba waliwaruhusu mashabiki kuleta vinasa sauti vyao. Mwaka 1984 hata waliwatengea sehemu yao ukumbini. Desturi ilikuwa moja: kanda hizo watu wabadilishane, wasiziuze. Mwenye akili ya biashara angesema, "Sasa mmejiharibia, nani atanunua tikiti ikiwa kanda anapewa bure?" Ikawa kinyume. Kadiri kanda zilivyoenea, ndivyo watu walivyozidi kuja. Aliyesikia kanda alitaka kuwapo siku ya kanda nyingine.

Sasa twende Misri. Mwaka 1978 bendi hiyo iliomba ruhusa ya kupiga muziki Giza, karibu na Cairo, chini ya piramidi kubwa na kando ya ile sanamu iitwayo Sfinksi, yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Wakubwa wa Misri walikubali. Bendi haikwenda kutafuta faida: ilijigharimia safari, na fedha za mlangoni ziligawanywa kati ya idara ya kuhifadhi mambo ya kale na chama cha hisani cha mkewe Rais Sadat. Siku zilikuwa tatu, tarehe 14, 15 na 16 Septemba. Kutoka California mpaka Cairo ni kama kilometa 12,000. Hata hivyo mashabiki walikuja.

Mmoja wao tunamjua, kwa kuwa alikuwa mtu mashuhuri. Ni Bill Walton, mchezaji wa mpira wa kikapu, mwenye urefu wa meta 2.11. Mwaka 1977 timu yake ya Portland ilikuwa bingwa wa Marekani, na mwaka 1978 yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Watu walilipa kwenda kumtazama yeye. Tena wakati ule alikuwa ameumia mguu vibaya. Pamoja na hayo alikwenda Giza, akasimama katikati ya watu kama shabiki yeyote. Alipofariki mwaka 2024, alikuwa amekwisha kuhudhuria maonyesho ya bendi hiyo zaidi ya 850, kwa hesabu yake mwenyewe.

Mashabiki hao walikuta nini huko? Kwanza walikuta muziki wasioutazamia. Alikuwapo Hamza El Din, Mnubi aliyezaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Toshka, kando ya Mto Nile, uleule unaopita Jinja kabla ya kushika njia ya kaskazini. Kijiji chake kilikwisha funikwa na maji ya lile boma kubwa la Aswan. Bwana Hamza alipiga udi na tari, vyombo ambavyo watu wa pwani wanavijua kwa majina hayohayo. Yeye na waimbaji wa Kinubi walianza kuimba na kupiga makofi kwa mdundo wa kwao. Kisha wapigaji wa Kimarekani wakaingia jukwaani mmoja mmoja, kila mmoja akiutafuta mdundo ule mpaka aupate, hata mwisho bendi nzima ikawa inapiga wimbo wa watu ambao kijiji chao kilikuwa chini ya maji. Pembeni, gizani, Mabedui walikuja na wanyama wao, wakasimama kusikiliza.

Usiku wa tatu mwezi ulipatwa, ukawa mwekundu juu ya piramidi. Na siku ya pili yake, tarehe 17, Rais Sadat, ambaye siku zote hizo alikuwa Marekani, alitia sahihi huko makubaliano ya amani na Waziri Mkuu wa Israeli. Wamarekani walikuwa wageni Misri, na Mmisri mgeni Marekani.

Lakini muziki wenyewe je? Hapa ndipo penye somo. Muziki haukuwa mzuri sana. Mpiga ngoma mmoja, Bill Kreutzmann, alikuwa amevunjika mkono, ikambidi apige kwa mkono mmoja. Piano haikulingana na vyombo vingine. Mafundi walitaka kukitumia chumba cha mfalme kilichomo ndani ya piramidi kuwa chumba cha mwangwi, yaani sauti ipelekwe humo kwa waya, igonge kuta za mawe, kisha irudishwe jukwaani kwa waya mwingine. Walijaribu kwa bidii, wasifaulu. Bendi iliporudi nyumbani na kusikiliza kanda, haikuridhika. Santuri iliyokusudiwa kurudisha gharama za safari haikutolewa. Kanda zilikaa miaka 30, mpaka mwaka 2008.

Ikiwa shabiki hutafuta muziki mzuri tu, basi wale waliokwenda Giza walipata hasara. Wangebaki nyumbani na kanda nzuri za mwaka uliotangulia. Lakini waliokuwapo hawakuhesabu hivyo. Walimwona mtu akipiga ngoma kwa mkono mmoja mbele ya majengo yenye umri wa miaka kama 4,500. Walipiga makofi pamoja na Wanubi. Kanda yaweza kuihifadhi sauti, lakini haiwezi kukuhifadhia nafasi yako kati ya watu. Shabiki huvuka bahari ili awe mmoja wao. Ndiyo sababu yenyewe.

Nimeahidi kusema ni wapi wazimu unapoanza. Tarehe 2 Julai 1995, katika jimbo la Indiana, maelfu ya watu wasio na tikiti waliuvunja ua wa uwanja wa muziki wakaingia kwa nguvu. Onyesho la siku ya pili likafutwa, na walionunua tikiti kwa haki wakarudi mikono mitupu. Bendi iliwaandikia mashabiki barua kuwaonya kwamba mambo yakiendelea hivyo, hapatakuwa na maonyesho tena. Tarehe 9 Agosti mwaka uleule Garcia alifariki, na bendi ikavunjika. Wale waliovunja ua nao walisema waipenda bendi. Lakini apendaye kitu hakivunji, wala hamnyang'anyi mwenziwe nafasi.

Basi wanafunzi wenzangu, iwapo siku moja utapata kazi na ukatamani kwenda mbali kumsikiliza umpendaye, usione haya. Ila ikumbuke hadithi ya yule msafiri. Kabla hajaendelea na safari alilipa deni, tena la mtu mwingine. Nawe lipa kwanza madeni ya nyumbani: ada ya mdogo wako, dawa ya mama, ahadi uliyomwahidi mtu. Kisha nunua tikiti yako, nenda, uwasalimu wenyeji kwa lugha yao japo maneno mawili, nawe usikilize na nyimbo zao.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wale wa Giza walikuwapo.