Makombo na Homa ya Nguruwe

Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haimdhuru binadamu. Lakini yaweza kuua takriban nguruwe wote wa banda moja, wala haina tiba. Ngiri, wanyama wa kawaida katika Hifadhi ya Katavi, huweza kubeba kirusi chake bila kuugua, na papasi wa mashimoni mwao hukieneza. Hata hivyo, mfugaji wa Mpanda asimwogope ngiri peke yake: aitazame pia ndoo ya makombo. Katika nyama iliyogandishwa kirusi hudumu kwa miezi mingi. Mwaka 1957 kilifika Ureno kwa njia hiyo, nguruwe wa karibu na Lisbon walipolishwa mabaki ya chakula cha ndege.

Joto hukiangamiza, nyuzi 60 za sentigredi kwa dakika 20 hutosha. Lakini kipande kinene cha nyama huchelewa kupata moto kiini chake. Basi makombo yachemke nusu saa kamili, yakikorogwa, kisha yamiminwe katika chombo safi, si ile ndoo iliyoyaleta. Hapo ndipo wengi hukosea. Anayeona kuni ni ghali, alishe pumba za mahindi na mashudu ya alizeti.