Endometriosisi: Lini upasuaji, lini dawa?

KATIKA vijiji vya milima ya Upare, kama ilivyo sehemu nyingi nchini, maumivu makali ya hedhi huitwa chango, na msichana anayeyaugua huambiwa kuwa yatakwisha akishazaa. Kwa baadhi yao hayaishi. Chanzo huweza kuwa endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye vifuko vya mayai, mirija au utumbo, na kuleta maumivu, makovu na pengine ugumba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huo, ambao hauna tiba ya kuumaliza kabisa. Hapo ndipo ugumu wa uamuzi unapoanzia. Upasuaji huondoa tishu zilizoonekana, lakini ugonjwa huweza kurudi. Miss Tanzania wa mwaka 2001, Millen Magese, aliyejitokeza hadharani kuueleza umma hali yake, alipasuliwa zaidi ya mara 10 kabla ya kujifungua mtoto wa kiume mwaka 2017.

Dawa za homoni, vikiwamo vidonge vya uzazi wa mpango, huwapunguzia wengi maumivu, ila huzuia mimba zikiwa zinatumika. Kwa asiyetafuta mtoto kwa sasa, na ambaye dawa hizo zinamsaidia, hakuna sababu ya kukimbilia kisu. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2022 haisisitizi tena mgonjwa apasuliwe ili tu ugonjwa uthibitishwe, ingawa altrasaundi isiyoonyesha kitu haimaanishi kuwa hana.

Hali hubadilika dawa zinaposhindwa, utumbo au njia ya mkojo inapobanwa, au mimba inapotafutwa muda mrefu bila mafanikio. Hata hivyo, kutoa uvimbe kwenye kifuko cha mayai huweza kupunguza akiba ya mayai, na anayetaka watoto anastahili kuelezwa hilo kabla ya kutia saini. Kuondoa kizazi nako si uhakika. Tishu zikibaki kwingine, maumivu huweza kuendelea.

Kwa mkazi wa Chome au Mamba Miamba, rufaa humpeleka Hospitali ya KCMC mjini Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same mjini, mbali na safari ya kushuka mlimani. Aulize mapema iwapo atapasuliwa kwa kamera na matundu madogo, au kwa kufunguliwa tumbo. Wa kwanza hupona haraka zaidi. Wa pili huweza kuhitaji wiki 6 bila kubeba ndoo ya maji, kuni wala gunia la tangawizi, na hayo mume na wakwe wanapaswa kuyakubali kabla hajaondoka nyumbani.

Asiyetaka mimba mara baada ya upasuaji aulize pia kuhusu homoni za kuendelea nazo, kwani hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.