Sayansi na Falsafa katika Darasa Moja: Mafunzo ya Mwalimu Gaston Bachelard na Maneno ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika shule nyingi za sekondari, fizikia na falsafa ni masomo mawili yasiyosalimiana. La kwanza hufundishwa kwa kanuni na mahesabu. La pili, pale linapofundishwa, hugeuka orodha ya majina ya wanafikra na ya vitabu vyao. Mwanafunzi hukariri kanuni ya Archimedes asubuhi na hoja ya Descartes mchana, na jioni hurudi nyumbani akiamini kuhusu maji, moto na uzito yaleyale aliyoyaamini kabla ya kuingia shuleni. Amefaulu mtihani, lakini fikra zake hazikuguswa.

Makala hii inakusudia kueleza mawazo ya mwalimu mmoja aliyelikabili tatizo hilo darasani mwake, na kuonyesha kazi ambayo mawazo hayo yanawatwisha wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Hoja yenyewe ni hii: mwanafunzi haji shuleni akiwa mtungi mtupu. Huja na maarifa. Maarifa hayo yamehifadhiwa katika maneno ya lugha yake. Na mwalimu asiyeyafikia maneno hayo hawezi kuyafikia maarifa yenyewe.

2. Mwalimu wa Bar-sur-Aube

Gaston Bachelard alizaliwa mwaka 1884 katika mji mdogo wa Bar-sur-Aube, mashariki mwa Ufaransa. Kabla ya kushika chaki alikuwa mtumishi wa posta, akijisomea hisabati nje ya saa za kazi hadi alipopata lisansi mwaka 1912. Vita vya 1914 vilimchukua. Aliporudi mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 35, alianza kufundisha fizikia na kemia katika koleji ya mji wake wa kuzaliwa. Mwaka 1920 alifiwa na mkewe, aliyekuwa mwalimu wa shule, akaachiwa binti mchanga wa kulea. Hata hivyo, katika mwaka huohuo alipata lisansi ya falsafa, na mwaka 1922 akafaulu mtihani wa juu wa kuwateua walimu wa somo hilo.

Kwa hiyo mtu mmoja alibeba masomo yote mawili. Asubuhi aliweza kupima joto la chuma mbele ya vijana. Baadaye, pamoja na vijana wa mji uleule, aliweza kuuliza maana ya kujua jambo. Hata tasnifu zake za udaktari za mwaka 1927 zilifuata njia hiyo: moja ilihusu namna ujuzi unavyoukaribia ukweli hatua kwa hatua, na nyingine historia ya tatizo la kuenea kwa joto katika vitu vigumu. Aliihama koleji mwaka 1930 kwenda chuo kikuu cha Dijon, kisha akafundisha Sorbonne tangu 1940 hadi 1954. Alifariki mwaka 1962. Lakini kitabu chake kinachowahusu walimu zaidi, La formation de l'esprit scientifique cha mwaka 1938, kimejaa mambo aliyoyaona katika miaka ile kumi na mmoja ya shule ya sekondari.

3. Dhana ya kizuizi cha ujuzi

Jambo lililomshangaza Bachelard ni kwamba walimu wa sayansi hawaelewi jinsi mtu anavyoweza kutoelewa. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hulirudia somo lilelile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kosa ni shimo linalongoja kujazwa. Bachelard alidai kinyume chake. Kosa si shimo, ni jengo. Lina misingi, lina mantiki yake, na mara nyingi limemtumikia mwenyewe vizuri katika maisha ya kila siku. Ujuzi huo wa awali, unaozuia ujuzi mpya usiingie, ndio aliouita kizuizi.

Vizuizi ni vya aina nyingi. Kimojawapo ni kule kuridhika na jambo kama linavyoonekana mara ya kwanza. Kingine ni kuharakia kauli pana inayoeleza kila kitu na kwa hiyo haielezi chochote. Kingine, kinachomhusu zaidi mwanaisimu, ni kizuizi cha maneno: neno moja la kawaida hufanywa maelezo kamili. Mfano wake mashuhuri ni sifongo. Katika karne ya 18 mtaalamu Réaumur alieleza tabia za hewa kwa kuilinganisha na sifongo, na kwa kuwa kila mtu aliijua sifongo, ilionekana kwamba hewa nayo imekwisha kueleweka.

Yafaa jambo moja lisisitizwe hapa. Vizuizi ambavyo Bachelard alivikusanya alivitoa katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya na katika vinywa vya vijana wa Ufaransa waliosoma kwa lugha yao ya nyumbani. Basi wale wanaodai kwamba lugha za Kiafrika zimefungwa na mambo ya macho na mikono, hivyo haziwezi kubeba sayansi, hawapati ushahidi kwake. Kila lugha huja darasani na mzigo wake. Tofauti ni kwamba mzigo wa Kifaransa umekwisha kufunguliwa na kuchunguzwa, na ule wa Kiswahili bado umefungwa.

4. Kuelea na kuelewa

Mfano alioueleza Bachelard kwa makini ni ule wa vitu vinavyoelea. Ukimwambia mwanafunzi akisukume kipande cha mti chini ya maji, atahisi kinapinga mkono wake. Akiulizwa ni nini kinachopinga, atajibu: mti. Ni nadra atakapojibu: maji. Kwake yeye kuelea ni tendo la kile kinachoelea, na maji ni mahali tu ambapo tendo hilo linatokea. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kuikariri kanuni ya Archimedes neno kwa neno bila kuisadiki hata kidogo.

Sarufi ya Kiswahili inampa mwanafunzi wetu sababu ya kujibu hivyohivyo. Tunasema mtumbwi unaelea: mtumbwi ndio kiima, ndio mtendaji, maji hayatajwi, au hutajwa mwishoni kama mahali. Mwalimu anayelijua jambo hili hataanza na kanuni. Ataanza na sentensi, na kuuliza: katika kuelea, nani anafanya nini?

Kisha jaribio lifuate, nalo halihitaji maabara. Jiwe hufungwa kwa uzi na kuning'inizwa kwenye ukanda mwembamba uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu la baisikeli. Urefu wa ukanda hupimwa. Halafu jiwe hutumbukizwa katika ndoo ya maji bila kuguswa na sakafu yake, na ukanda hupimwa tena. Umefupika. Jiwe haliogelei, wala hakuna anayelidhania kuwa linapigana na maji. Hata hivyo kuna kitu kinacholisukuma juu. Hapo maji, yaliyokuwa mahali, yanageuka mtendaji, na jibu la kwanza linaanza kutikisika.

Swali linalofuata ni la chuma: kwa nini msumari unazama na meli inaelea? Wakazi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika wanao mfano mzuri katika meli iitwayo Liemba. Iliundwa kwa chuma huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka 1924 iliinuliwa kutoka chini ya ziwa, na mwaka 1927 ikarudia safari. Chuma ni kilekile, kilichoelea, kikazama, kikaelea tena. Kilichobadilika si chuma, bali ni kiasi cha maji ambacho umbo la meli, likiwa na hewa ndani yake, linakisukuma kando. Methali husema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Msamiati wenyewe unamsaidia mwalimu wa falsafa. Kamusi zinakipa kitenzi elea maana mbili: kukaa juu ya maji, na kuwa wazi akilini, kama tunaposema jambo hili limenielea. Umbo lake la kutendwa, elewa, ndilo tunalolitumia kila siku. Na eleza ni kulifanya jambo liwe wazi. Swali la falsafa linazaliwa hapo: je, jambo likiwa wazi kwangu limekuwa kweli? Jibu la mti unaopinga mkono lilikuwa wazi kabisa, na halikuwa sahihi.

5. Moto, joto, kazi na nguvu

Neno moto linastahili somo zima. Mpishi huwasha moto. Mgonjwa mwili wake ni moto. Na maji ya moto, au mayi ya moto kama wasemavyo watu wa Lubumbashi, hayana ndimi wala majivu. Neno moja limebeba kile kinachowaka, hali ya kitu, na kile kinachohama kutoka kitu hadi kitu. Istilahi sanifu, kama zile za Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zinajitahidi kutenganisha dhana za namna hii. Leo tunaweza kusema joto kwa kile kinachohama na halijoto kwa kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Lakini kumpa mwanafunzi neno jipya si kumwondolea dhana ya zamani. Ataandika halijoto katika daftari na kuendelea kufikiri moto.

Vivyo hivyo kwa baridi. Kiswahili husema baridi imeniingia mwilini, kana kwamba baridi ni kitu kinachosafiri. Kijiko cha chuma na mwiko wa mti vikilala usiku kucha katika chumba kimoja, darasa zima litaapa asubuhi kwamba kijiko ni baridi zaidi. Kipimajoto kitakana. Hakuna kilichomwingia mshikaji. Ni joto la mkono wake linalotoka, na chuma hulipokea upesi kuliko mti. Wala kosa hili si la watoto peke yao: mwaka 1789 Lavoisier mwenyewe aliliweka joto katika orodha ya elementi, akilihesabu kuwa dutu.

Kazi ni neno lingine. Mchukuzi asimamaye na gunia la kilo 50 begani bila kusogea, fizikia inasema gunia halikufanyiwa kazi yoyote. Darasa litacheka, na mwalimu aliache licheke, kisha aulize: je, fizikia imekosea, au imechagua maana moja tu kati ya nyingi? Kwa nini imechagua hiyo?

Nguvu nalo hutumika kwa yale ambayo istilahi hutenganisha kuwa kani na nishati. Tena neno hilo linagusa mjadala uliozaliwa katika mji huuhuu: ni Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako Placide Tempels alichapisha La philosophie bantoue mwaka 1945, akidai kwamba kwa Wabantu kuwako ni kuwa nguvu. Baadaye Paulin Hountondji na wengine walikataa kwamba taifa zima linaweza kupewa falsafa moja isiyo na mwandishi wala mpinzani. Vijana wakianza na nguvu ya mchukuzi wataweza kuufikia mjadala huo wakiwa na la kusema.

6. Swali la mwanafunzi

Mafunzo haya yanadai darasa ambamo swali haliadhibiwi. Gharama ya kulicheka swali inaonekana katika kisa cha Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alitengeneza aiskrimu, akatia maziwa ya moto kwenye friji bila kungoja yapoe, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoozwa kwanza. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hata baadaye, katika shule nyingine, wenzake walimcheka. Alipofika mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, kijana alirudia swali lake. Osborne hakujua jibu, lakini alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 majina ya wote wawili yalitokea pamoja katika jarida la Physics Education.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya jambo lenyewe; majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitia shaka kama linatokea kweli. Hilo halipunguzi thamani ya swali. Kwa Bachelard, ujuzi wa sayansi ni jibu la swali lililoulizwa, na jibu ambalo halikubali kuulizwa tena limekwisha kuwa kizuizi.

7. Pingamizi na njia

Walimu watasema: madarasa yamejaa, mtihani unangoja, na mtihani ni kwa Kifaransa. Ni kweli. Hakuna anayedai kila somo lifundishwe hivi. Swali moja kwa kila sura ya kitabu latosha, likifuata ngazi tatu: kwanza wanafunzi waseme wanachokijua kwa Kiswahili chao wenyewe, hata kama si sanifu, pili maneno yao yachunguzwe na kujaribiwa, na istilahi sanifu ziletwe pale tofauti inapohitajika, tatu Kifaransa cha mtihani kifuate, kikiwa jina la jambo lililokwisha kueleweka. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inazitambua lugha za taifa kuwa chombo na somo. Njia hii haiko nje yake.

8. Hitimisho

Bachelard hakuongeza somo jipya kwenye ratiba. Alilifanya kila somo la sayansi liulize mwanafunzi anajuaje anachodai kujua, na falsafa ikaingia kwa mlango huo. Katika shule zetu mlango huo unapitia Kiswahili. Istilahi zimetungwa nyingi, na kazi hiyo iendelee. Lakini kinachokosekana ni orodha ya upande wa pili, yaani maneno ambayo wanafunzi wa Bukavu, Kalemie, Kisangani na Lubumbashi hutumia hasa wanapoeleza kuelea, kuungua, kuganda na kusukuma, pamoja na imani zilizomo ndani yake. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji daftari, masikio, na wanafunzi wa lisansi ambao karibuni watakuwa walimu wa madarasa hayohayo.