Kasha la Chujio la Hewa: Kipuri cha Gari au Sehemu ya Chujio?

Gari lililopungukiwa na nguvu linapofikishwa karakana, iwe Mwanakwerekwe au kwingineko Unguja, mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo fundi huyaangalia ni kasha jeusi la plastiki lililo karibu na injini. Hufungua vibanio vyake, akainua kifuniko, akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa mfano wa kinanda cha mkono, akaitazama dhidi ya mwanga. Pengine karatasi hiyo huwa ingali nzima, lakini kasha lenyewe limepasuka. Hapo mwenye gari hutumwa dukani kununua kile ambacho mafundi hukiita «boksi la filta».

Kitu hiki kinachoonekana duni kina swali gumu ndani yake. Kabla ya kufika dukani kilipita forodhani, na huko ilikuwa lazima kitajwe kwa jina na kwa nambari. Je, ni kitu cha plastiki? Ni kipuri cha gari? Ni sehemu ya injini? Au ni sehemu ya chujio? Kila jibu lina mahali pake katika kitabu cha ushuru, na si lazima mahali hapo pote pawe na kiwango kimoja cha malipo. Ili kulijibu swali hili, hapana budi kwanza kufahamu kazi ya kasha.

Hewa na vumbi

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza kilo moja ya petroli kikamilifu. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74, kwa hiyo huhitaji karibu kilo 11 za hewa. Katika joto la pwani yetu, hewa hiyo hujaza nafasi ya zaidi ya mita 9 za ujazo, yaani zaidi ya lita 9,000. Gari linalotumia lita 20 za petroli kwa siku huvuta hewa ya kutosha kujaza chumba kikubwa cha darasa.

Hewa hiyo si safi. Upande wa magharibi wa Unguja kuna udongo ambao wakulima huuita kichanga, na mchanga wa kawaida huwa na chembe za kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye daraja 10, kwatzi huhesabiwa daraja la 7. Ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha silinda. Chembe hizo zikiingia baina ya pistoni na silinda hufanya kazi ya msasa: chuma hulika, mgandamizo hupungua, na injini huanza kuunguza oili. Vumbi la mawe ya matumbawe, yaani chokaa, ni laini zaidi, kwani daraja lake ni la 3. Lakini nalo huziba chujio.

Wengi hudhani kwamba chujio hufanya kazi kama chekeche la unga, likizuia tu kilicho kikubwa kuliko tundu. Sivyo hasa. Chembe kubwa, kwa sababu ya inesha yake, haiwezi kupinda upesi pamoja na hewa, basi hugonga uzi wa karatasi na kunasa. Chembe ya wastani hufuata mkondo wa hewa, lakini hupita karibu mno na uzi, ikaugusa. Chembe ndogo kabisa husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, hata ikakutana na uzi kwa bahati. Kwa njia hizi chujio huweza kunasa chembe zilizo ndogo kuliko matundu yake.

Lakini karatasi peke yake haifai kitu. Kasha ndilo linalogawa nafasi katika vyumba viwili, cha hewa chafu na cha hewa safi, na kuhakikisha kwamba hakuna njia baina yao isipokuwa kupitia karatasi. Ufa ulio upande wa hewa chafu hauna madhara makubwa, maana hewa iingiayo hapo bado itachujwa. Ufa ulio upande wa hewa safi ni hatari, kwa kuwa hewa hupita moja kwa moja mpaka ndani ya silinda pamoja na vumbi lake. Chujio jipya ndani ya kasha la namna hiyo ni fedha iliyotupwa.

Kutoka asilimia 5 hadi maelfu ya vifungu

Jina la Forodhani, lililo mbele ya Mji Mkongwe, lakumbusha kwamba ushuru ni jambo la kale Unguja. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, ilikubaliwa kwamba shehena za Wamarekani zitozwe asilimia 5. Pale ambapo kiwango ni kimoja kwa bidhaa zote, haina haja kuuliza kama kitu ni kikombe au ni sahani; yatosha kujua thamani yake. Haja ya kuainisha huzaliwa pale viwango vinapokuwa vingi.

Leo zaidi ya nchi na maeneo 200 hutumia utaratibu mmoja wa kuzipanga bidhaa. Mkataba wake ulipitishwa mjini Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Bidhaa zote za dunia zimegawanywa katika mafungu 21 na sura 97, ambapo Sura ya 77 imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Kila bidhaa hupewa tarakimu sita: mbili za kwanza ni za sura, mbili zinazofuata ni za kifungu, na mbili za mwisho ni za kifungu kidogo. Mwanafunzi wa biolojia ataona mara moja jinsi mpango huu unavyofanana na ule wa kuainisha viumbe katika oda, familia, jenasi na spishi.

Kanuni zaamua

Sasa na tulirudie kasha letu. Kanuni ya kwanza ya uainishaji husema kwamba kitu huamuliwa kwa maneno ya vifungu na maelezo ya mafungu na sura.

Plastiki imo katika Sura ya 39. Lakini maelezo ya sura hiyo huondoa vitu vya Fungu la 16, ambalo ni la mashine. Jibu la kwanza limeanguka.

Vipuri vya magari vimo katika kifungu 87.08. Lakini maelezo ya Fungu la 17, lenye magari, huondoa mashine za vifungu 84.01 hadi 84.79 pamoja na sehemu zake. Chujio la hewa ya injini limetajwa waziwazi katika kifungu kidogo 8421.31. Basi ingawa chujio hufungwa garini, kisheria si kipuri cha gari.

Yabaki majibu mawili: sehemu ya injini, iliyo katika kifungu 84.09, au sehemu ya chujio. Maelezo ya Fungu la 16 husema kwamba sehemu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mashine fulani huwekwa pamoja na mashine hiyo. Kasha limetengenezwa ili kushika chujio na kutenga hewa safi na chafu. Kwa hiyo kasha tupu huingia katika kifungu kidogo 8421.99, pamoja na sehemu nyingine za vifaa vya kuchujia. Likiletwa likiwa na karatasi yake ndani, hilo si sehemu tena bali ni chujio kamili, nalo huingia 8421.31.

Na tusidhani kwamba kila kilichomo kastani mwake hufuata njia hiyo. Ringi ya mpira ikiletwa peke yake huenda kifungu 40.16, skrubu ya chuma huenda 73.18, na kipima-mkondo wa hewa, ambacho katika magari mengi ya sasa hukaa karibu na kasha, huenda Sura ya 90, yenye vyombo vya kupimia.

Wala uainishaji huu haukusimama mahali pamoja. Katika toleo lililoanza tarehe 1 Januari 2022, kiliongezwa kifungu kidogo 8421.32 kwa ajili ya vifaa vya kusafisha moshi wa injini. Sayansi ilipoleta kitu kipya, ilibidi nacho kitafutiwe mahali.

Fedha zilizomo ndani ya nambari

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia kitabu kimoja cha ushuru tangu mwaka 2005. Viwango vyake vikuu vilikuwa asilimia 0, 10 na 25, na tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Tuchukue mfano wa shehena yoyote yenye thamani ya shilingi 10,000,000, pamoja na bima na nauli. Kwa asilimia 0 haitozwi ushuru huu. Kwa asilimia 10 hutozwa shilingi 1,000,000. Kwa asilimia 25 hutozwa 2,500,000. Tofauti hiyo haibaki kwa mwagizaji. Huhamia katika bei ya dukani, kisha katika mfuko wa mwenye daladala. Akiona bei imemshinda, huliziba kasha lake kwa utepe, na vumbi likaendelea kuila injini.

Kwa upande wa pili, nambari iliyoandikwa kwa makusudi ili kukwepa malipo ni kosa, na huipunguzia nchi mapato. Ndiyo maana sheria humruhusu mwagizaji kuomba uamuzi kabla ya mzigo kufika, na asiporidhika na uamuzi wa forodha, kuomba upitiwe upya. Anayeijua kazi ya kitu chake ana hoja ya kutoa. Asemaye tu «ni spea ya gari» hana.

Jaribio la darasani

Mwalimu na aombe karakana ya jirani kasha na chujio vilivyokwisha kutumika. Wanafunzi wapime urefu na upana wa uso wa chujio, kisha wahesabu mikunjo. Chujio lenye uso wa sentimita 25 kwa 20 lina eneo la sentimita 500 za mraba. Likiwa na mikunjo 50, kila mmoja ukiwa na kina cha sentimita 5, karatasi yake ikinyooshwa itakuwa na sentimita 10,000 za mraba, yaani mita moja ya mraba: mara 20 ya uso wake.

Baada ya hapo wavitenganishe vipande vyote juu ya meza: kifuniko, sanduku, karatasi, ringi ya mpira na skrubu. Mbele ya kila kipande waandike kimetengenezwa kwa nini, kilikuwa kimefungwa wapi, na kinafanya kazi gani. Kisha wajadiliane ni lipi kati ya majibu hayo matatu lililokipa kila kipande mahali pake forodhani. Kwa kasha watakuta ni kazi yake. Kwa ringi na skrubu watakuta kwamba kanuni imeamua vingine, na wataje sababu.