Pilau ya Mchele Mzima kwa Sufuria Moja



Msimu uliopita, karafuu zilipokwisha kuanikwa, kuchaguliwa na kupelekwa kituoni, tulikutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja kwa dua ya kufunga msimu. Kama ilivyo ada yetu, ilipikwa pilau. Watu walinawa, sinia zikatandazwa jamvini. Mzee mmoja wa chama chetu, ambaye hapana kijana kati yetu asiyemwendea kwa shauri la shamba, alikaa pembeni na kikombe cha chai isiyotiwa sukari. Tulipomwita kwenye sinia yetu alijibu, "Kuleni, wanangu. Mimi nimeambiwa nina sukari. Pilau nimekwisha kuiaga."

Neno hilo lilituuma. Na tulipotazama vizuri barazani, tulimwona si yeye peke yake. Walikuwapo wengine walioambiwa wana sukari au presha, wengine hata hawajafika miaka hamsini. Baadhi yao walikula kwa kujificha, wengine hawakula kabisa. Sisi twapanda karafuu, twazichuma, twazianika, dunia nzima inazitia katika vyungu vyake, nasi wenyewe twakaa pembeni ya sinia!

Basi tulikaa na akina mama wa chama tukaulizana: je, kosa ni la pilau, au ni la namna tunavyoipika? Makala hii ni jawabu tulilolipata, baada ya kuuliza wanaojua na baada ya kuunguza sufuria moja.

NGOZI YA PUNJE

Killa mwenye kulima mpunga aijua punje yake. Ukiliondoa kapi la nje, hubaki punje yenye ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, na pembeni ina moyo mdogo, ndio unaochipua. Ndani kabisa ndimo umo ule wanga mweupe. Mashine ya kukoboa huondoa kapi, kisha huendelea kusugua mpaka ngozi na moyo vyote vimekuwa wishwa na pumba. Punje nyeupe twaila sisi, pumba twawapa kuku na ng'ombe.

Walakini sehemu kubwa ya nguvu ya punje imo katika ile pumba. Humo mna nyuzinyuzi, ambazo hufanya chakula kisagike tumboni polepole na kulisaidia tumbo kufanya kazi yake. Humo mna vitamini B1, na madini kama magnesi. Punje nyeupe hushibisha, ila imeachwa na wanga karibu peke yake, nao hugeuka sukari mwilini kwa haraka.

Katika makala hii twauita "mchele mzima" ule ulioondolewa kapi tu, ukaachiwa ngozi yake.

KHABARI YA KUKU WA BATAVIA

Wako watakaosema haya ni maneno mapya ya hospitali. Sivyo. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Katika nchi hiyo hiyo, mwishoni mwa karne ya 19, alikuwapo daktari wa Kiholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, akifanya kazi katika mji wa Batavia, ambao sasa ni Jakarta. Alitumwa kutafuta sababu ya maradhi ya beriberi, yaliyokuwa yakilegeza miguu ya watu na kuwaua.

Daktari huyo alikuwa akifuga kuku kwa majaribio yake. Ghafla kuku wakaanza kulegea miguu na kuanguka. Baadaye wakapona, naye hakuwa amewapa dawa yoyote. Alipochunguza aliona kwamba walipougua walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali, na walipopona walikuwa wamerudishiwa mchele usiosuguliwa. Mpishi mpya alikuwa amekataa kuwapa kuku wali wa askari! Mwanzo Eijkman mwenyewe hakuifahamu sawasawa maana ya jambo hilo, lakini ndilo lililofungua njia ya kujulikana vitamini, na mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins.

Siku hizi beriberi si tishio letu kubwa. Tishio letu ni sukari. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 190,000 kwa miaka mingi. Walikadiria kwamba mtu akiondoa gramu 50 za mchele mweupe kwa siku na kuweka mchele mzima kwa kiasi hicho hicho, hatari yake ya kupata sukari ya ukubwani hupungua kwa asilimia 16. Watu hao walikuwa Wamarekani, ambao hawali wali kama tulavyo sisi, na hesabu ya namna hii peke yake haithibitishi kwamba mchele ndio sababu. Lakini ni neno la kutosha kumfanya mtu mwenye akili ajaribu.

KUUPATA MCHELE WENYEWE

Mwenye mpunga wa bonde lake hana shida. Atwange kinuni kwa mchi, aache mara tu makapi yanapotoka, kisha apepete kwa ungo na kuzichagua chuya. Bibi zetu walikula mchele wa namna hii si kwa kutafuta afya, bali kwa kuwa mchi ulikuwa mzito na mikono ilichoka.

Mwenye kupeleka mashineni amwambie mkoboaji mapema kwamba ataka kapi litoke tu, mchele usisuguliwe. Mashine zenye mipira miwili hulifanya hilo vizuri. Zile za chuma huondoa kapi na ngozi kwa pamoja, na hizo hazifai kwa kazi hii.

Jambo moja la kuangalia: ngozi ya punje ina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Mpunga katika kapi lake hukaa muda mrefu. Mchele mzima haukai. Koboeni wa wiki mbili au tatu tu, muuweke katika chombo chenye mfuniko, mahali penye baridi. Ukinuka kama mafuta yaliyokaa, wapeni kuku.

SUFURIA ILIYOUNGUA

Mara ya kwanza tulipika kama tulivyozoea kupika mapembe: mchele ukaoshwa, ukatiwa sufuriani na maji ya kiasi kile kile. Baada ya saa nzima maji yalikuwa yamekauka, chini kumeungua, na punje juu zimesimama kama changarawe. Makaa yalikwisha, na watoto wakala mkate.

Bibi wa nyumba ile, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vyake vyaona, alichukua punje moja akaibinya. Akasema, "Mchele huu haujanywa maji. Wa kupikwa leo ulowekwe jana."

Hiyo ndiyo siri yote. Mchele mzima uliolowekwa usiku kucha huiva kwa kiasi cha dakika 35 tangu maji yanapochemka, nao hula makaa kidogo zaidi ya mchele mweupe. Usiolowekwa hukaribia saa nzima, na kwa bei ya makaa ya leo hakuna atakayerudia.

VITU VINAVYOTAKIWA (watu sita)

Mchele mzima vikombe 3, uliolowekwa tangu usiku.
Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, nusu kilo.
Choroko nusu kikombe, zilizolowekwa pamoja na mchele.
Vitunguu maji vikubwa 3.
Karoti 2.
Thomu punje 6 na tangawizi kipande cha kidole, vilivyotwangwa.
Karafuu nzima 8, hiliki 6, mdalasini kijiti kimoja, pilipili manga punje 10, uzile vijiko vya chai 2.
Mafuta ya kupikia vijiko vya chakula 3.
Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu.

Mtaona kwamba mbatata hatukuziweka. Mbatata nazo ni wanga, na wali ni wanga. Mahali pake tumetia choroko na karoti. Mtaona tena kwamba mafuta ni vijiko vitatu, si vikombe.

Karafuu nazo zina neno lake. Aghalabu sisi wakulima hupeleka zilizo nzuri kituoni, na jikoni hubaki vichwa vilivyokatika na zilizopauka kwa kukosa jua. Safari hii wekeni akiba ya zilizo nzuri: zenye vichwa vyake, za rangi ya kahawia iliyoiva, zenye kuvunjika kwa sauti. Mkitaka kuzijaribu, zitieni katika bilauri ya maji. Karafuu yenye mafuta yake huzama au husimama wima; iliyokwisha nguvu huelea imelala. Na msizidishe nane kwa vikombe vitatu, maana karafuu nyingi huleta uchungu na ganzi ya ulimi.

NAMNA YA KUPIKA

Chukueni sufuria moja nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Pasheni mafuta, mtie vitunguu vilivyokatwa vyembamba, mvikaange kwa moto wa kiasi mpaka viwe rangi ya kahawia. Msiharakishe hapa, kwani rangi ya pilau hutoka katika kitunguu.

Tieni karafuu, hiliki, mdalasini, pilipili manga na uzile. Harufu ya karafuu imo katika mafuta yake, na mafuta hayo huachia vizuri zaidi katika mafuta yaliyopashwa moto kuliko katika maji. Ndiyo maana viungo hutangulia. Dakika moja yatosha. Vikiungua huwa vichungu.

Tieni thomu na tangawizi, kisha nyama na chumvi. Geuzeni mpaka nyama ibadilike rangi. Mimineni maji vikombe 8, mfunike, mwache ichemke kwa moto mdogo kiasi cha saa nzima, mpaka nyama ilainike.

Sasa pimeni supu. Imimineni katika bakuli, mpime kwa kikombe kile kile mlichopimia mchele. Yatakiwa vikombe 6. Ikipungua, ongezeni maji ya moto. Irudisheni sufuriani, ichemke.

Uchujeni mchele na choroko, mtie sufuriani pamoja na karoti zilizokatwa. Korogeni mara moja tu kwa mwiko. Ikichemka tena, punguzeni moto, mfunike, na msifunue kwa dakika 30. Kisha tazameni: maji yawe yamekauka juu na punje iwe laini ikibinywa. Kama bado ni ngumu, nyunyizeni nusu kikombe cha maji ya moto, mfunike tena dakika kumi. Mwisho punguzeni makaa chini, mpalie machache juu ya mfuniko kwa dakika kumi, muepue.

Punje zake hazitawanyiki kama za basmati. Zinashikana kidogo, zina harufu kama ya njugu, na zinataka kutafunwa.

MAONYO MACHACHE

Pilau hii si dawa. Mchele mzima nao ni wanga, na mwenye sukari akijaza sinia atapandisha sukari yake vile vile. Tumeshauriwa kuigawa sahani: nusu yake kachumbari au mboga za majani, robo nyama au choroko, na robo wali. Mwenye kumeza vidonge au kupiga sindano asiache hata siku moja kwa sababu amebadilisha mchele. Na mwenye maradhi ya figo amwulize daktari kwanza, maana mchele mzima una madini zaidi ambayo yeye huenda amekatazwa.

SAHANI YA MZEE

Ijumaa moja baada ya sala tulimwalika yule mzee wetu. Tulimpimia pilau kikombe kimoja, kachumbari nusu sahani, na kipande cha nyama. Aliitazama, akatuuliza kama twamfanyia mzaha. Tukamweleza. Akala polepole, akatafuna kwa muda mrefu.

"Inataka meno," alisema. Kisha akanyamaza, akala tena. "Lakini karafuu naisikia."

Alipomaliza aliomba aongezwe kachumbari, si pilau. Hatusemi kwamba amepona. Bado anakwenda kliniki kila mwezi na bado anakunywa dawa zake. Ila siku ile alikula sinia moja na wenzake, na dua ya msimu ujao amesema haikai pembeni.

Twaomba akina mama na vijana wanaopikia kambi za wachumaji walijaribu jambo hili msimu utakapoanza, maana mchumaji anayepanda ngazi tangu alfajiri hadi alasiri anahitaji chakula cha kukaa tumboni. Yatakayowafika, mema au ya kuungua, tuleteeni ofisini tuyatie katika toleo lijalo. Nasi twawatakia kheri na mavuno mema.