Kilima cha Ishara cha St. John's

Mji wa St. John's umo katika kisiwa cha Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada. Bandari yake imezungukwa na vilima vya mawe, na mlango wake wa bahari ni mwembamba, kiasi cha mita 61 tu mahali panapobana zaidi. Juu ya mlango huo kimesimama kilima kiitwacho Signal Hill, maana yake Kilima cha Ishara. Mgeni akipandaye kwa miguu hupigwa na upepo mkali, lakini afikapo kileleni husahau taabu yake. Upande mmoja huona mji na meli zilizofungwa gatini. Upande wa pili huona bahari ya Atlantiki, ambako mwezi wa Mei na Juni mapande makubwa ya barafu huelea kama visiwa vyeupe.

Hata hivyo, sifa ya kilima hiki si mandhari peke yake. Kazi yake ilikuwa kutoa habari. Kwa zaidi ya miaka 200 walinzi walikaa huko juu wakitazama baharini. Walipoona merikebu walipandisha bendera mlingotini, na mfanyabiashara aliyekuwa chini mjini akajua, kabla haijaingia bandarini, kama ni yake au ni ya mwenzake. Hivyo alipata nafasi ya kuwaita wapagazi na kutayarisha ghala. Katika mji ulioishi kwa kuuza samaki waliokaushwa kwa chumvi, kujua mapema kulikuwa ni mali.

Kileleni pana mnara wa mawe, Cabot Tower, uliomalizika kujengwa mwaka 1900. Wageni wengi hudhani kwamba ndimo simu ya upepo ilimopokewa mara ya kwanza kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Sivyo. Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyekuwa na umri wa miaka 27, alitumia jengo la hospitali iliyoachwa, papo hapo kilimani. Tarehe 12 Desemba 1901 alirusha tiara iliyobeba waya mrefu, akatega sikio. Kutoka Poldhu, Uingereza, mwendo wa maili 2,000 na zaidi, alisema amesikia alama tatu fupi za herufi S. Msaidizi wake, George Kemp, alisema naye amezisikia.

Basi mashahidi walikuwa hao wawili tu, wala hapakuwa na maandishi ya mashine. Wengi hawakusadiki, na hata leo wako wataalamu wanaobisha. Marconi alijibu kwa vitendo. Mwezi wa Februari 1902, akiwa safarini katika meli Philadelphia, mashine yake iliandika ishara za Poldhu juu ya utepe wa karatasi, na nahodha akatia sahihi yake.

Lakini kisiwa chenyewe hakikuvuna matunda hayo upesi. Kampuni moja ya simu za waya, iliyokuwa na haki ya peke yake huko, ilimzuia Marconi, naye akahamishia kazi yake Nova Scotia.

Redio impayo mkulima bei za mazao na habari za mvua ni ya ukoo mmoja na bendera zile za kilimani. Zote humjulisha mtu mapema, apate kujitayarisha.