Kelele za Ndege na Mtoto Aliyeacha Kujaribu

Anayefundisha Kipawa hujifunza kukata sentensi katikati. Mtaa uko ubavuni mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na ndege ikipita juu ya mabati mwalimu hunyamaza na chaki yake mkononi, akingoja muungurumo uishe ndipo aendelee. Hasara inayoonekana ni dakika zilizopotea. Ipo nyingine isiyoonekana, nayo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi.

Mwaka 1980 mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika shule zilizo chini ya njia ya ndege zinazotua Los Angeles, Marekani. Saa za masomo, ndege ilipita karibu kila baada ya dakika mbili na nusu. Watoto wa darasa la tatu na la nne walilinganishwa na wenzao wa shule tulivu. Shinikizo lao la damu lilikuwa juu zaidi. Lakini watafiti waliwapa pia fumbo gumu la kupanga vipande, na hapo ndipo palipotokea jambo la kufikirisha: watoto wa shule zenye kelele walishindwa kwa wingi zaidi, na wengi zaidi waliliacha fumbo kabla muda haujaisha. Walikuwa bado na nafasi. Waliiachia.

Kipawa haina msongamano wa ndege wa kiasi hicho, wala sidai kwamba ndege ndizo zinazofelisha watoto wetu. Ninachokitafuta ni sababu ya wale watoto kuacha. Kelele hizo zilikuja zilipotaka na kuondoka zilipotaka, na hakuna alichoweza kufanya mtoto kuzibadili. David Glass na Jerome Singer walikwisha kuonyesha uzito wa jambo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1972. Waliwakalisha watu wazima kwenye kelele kali zisizotabirika. Baadhi yao waliambiwa kuna kitufe mezani: ukikibonyeza kelele zitakoma, ila tungependa usikibonyeze. Karibu wote hawakukigusa. Walisikia kelele zilezile na wenzao, kwa muda uleule. Hata hivyo, walipopewa baadaye mafumbo yasiyo na jibu, waliokuwa na kitufe waliendelea kujaribu mara nyingi zaidi kuliko wasiokuwa nacho.

Kwa hiyo kinachomvunja mtu moyo si ugumu peke yake. Ni ugumu anaoona hauna uhusiano wowote na anachofanya yeye.

Wazo hili lilizaliwa maabara, katika majaribio ambayo leo yasingeruhusiwa kirahisi. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliripoti kuhusu mbwa waliopigwa umeme wasioweza kuuzima. Siku iliyofuata waliwekwa mahali ambapo wangeweza kuukwepa kwa kuruka kizuizi kifupi tu, na wengi wao hawakujaribu. Wataalamu walihitimisha kwamba unyonge hufundishwa: mnyama hujifunza kwamba juhudi yake haifui dafu. Maelezo hayo yalitawala vitabu vya saikolojia kwa karibu miaka 50.

Kisha waandishi wenyewe wakayapindua. Mwaka 2016 Maier na Seligman walichapisha makala wakieleza, kwa ushahidi wa ubongo wa panya, kwamba walikuwa wameliona jambo kinyumenyume. Mateso yanapodumu, seli zinazotoa serotonini kwenye shina la ubongo huamka zenyewe na kumfanya mnyama atulie, aogope na asijaribu. Hapo hakuna somo lolote lililofundishwa. Ndivyo mwili unavyojibu. Kinachofundishwa ni upande wa pili. Mnyama akigundua kwamba kitendo chake kinabadili kitu, sehemu ya mbele ya ubongo hutuma ujumbe wa kuzituliza zile seli za chini. Na njia hiyo ikishafunguka mara moja hubaki: baadaye, hata akikutana na mateso asiyoweza kuyazuia, havunjiki kirahisi kama mwanzo.

Naona ugunduzi huu ulipaswa kubadili maneno tunayowaambia watoto. Tumezoea kumuuliza aliyekata tamaa nani kamharibu, ni kundi gani baya, ni uvivu wa wapi. Swali lenye manufaa ni jingine: lini mara ya mwisho mtoto huyu alifanya jambo darasani, akaona limebadili matokeo?

Mwanafunzi wa aina hiyo kila mwalimu anamfahamu. Anakaa dawati la nyuma, ananakili ubaoni kwa hati nzuri, na akiulizwa anatazama chini. Wenzake wamemwita kilaza mpaka ameitika. Mwaka 1980 Carol Diener na Carol Dweck waliwapa watoto maswali ambayo mwanzoni waliyapata, kisha wakawaongezea machache yaliyozidi uwezo wao. Wale waliokuwa na tabia ya kukata tamaa, ambao akili yao haikuzidiwa na ya wenzao, walipoulizwa baadaye walipata mangapi walipunguza hesabu ya waliyopata na kuongeza ya waliyokosa. Ushindi wao wenyewe ulikuwa umeshafutika. Mtoto kama huyo ukimwambia "unaweza, jiamini", hana kumbukumbu ya kuliegemeza neno lako.

Katika shule zetu za serikali kuna mwezi ambao ushindi huo hufutwa kwa wanafunzi wengi kwa pamoja, nao ni Januari ya kidato cha kwanza. Mtoto amesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Ameuliza, amebishana, amejibu. Ghafla bayolojia, jiografia na hesabu zinakuja kwa Kiingereza, na ulimi uliokuwa ukifanya kazi jana leo haufanyi. Kuanzia mwaka 2002, mradi wa LOITASA uliowakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwe, wakiwemo Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulilichunguza jambo hili madarasani. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliofundishwa kwa Kiswahili walishiriki na kuelewa zaidi kuliko waliofundishwa mada zilezile kwa Kiingereza. Madarasa mengine yalijaa kimya na majibu ya pamoja yasiyo na maana. Mimi siuiti uvivu ukimya huo. Ni watoto walionyang'anywa kitufe.

Magharibi mwa Kenya, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waliona jambo la aina hiyo kwenye vitabu. Shule zilipewa vitabu vya kiada, na walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hawakuweza kuvisoma. Kitabu kipya usichoweza kukisoma ni ushahidi mwingine dhidi yako.

Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata divisheni ziro. Nchi ilitikisika, serikali ikaunda tume, na Mei matokeo yakapangwa upya. Kwa watu wazima ilikuwa habari ya mfumo mzima. Lakini kijana anayetafuta namba yake kwenye mkeka huisoma sifuri peke yake, kama habari ya kichwa chake.

Basi tuwape maswali mepesi ili washinde? Dweck alilijaribu hilo mwaka 1975. Watoto walikuwa 12 tu, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti ule mzigo mkubwa, lakini ulichoonyesha kina mantiki. Nusu yao walipewa mafanikio matupu. Nusu nyingine walikutana na kushindwa mara mojamoja, na kila waliposhindwa walielezwa kwamba walihitaji kuongeza juhudi. Mwishoni wote walipewa maswali magumu. Wale waliozoea mteremko walianguka kama zamani. Wale wengine walisimama. Kujiamini kulitoka kwenye kukwama na kukwamuka.

Hapo kuna sharti moja: juhudi lazima iwe na pa kushika. Mtoto asiyejua kugawanya hatakwamuliwa kwenye aljebra kwa kuambiwa akazane. Kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za Kenya. Katika nusu yake hivi, wanafunzi wa darasa la kwanza waligawanywa kwa kiwango chao, na baada ya miezi 18 walio juu na walio chini wote walikuwa mbele ya wenzao wa madarasa ya mchanganyiko. Mwalimu alipata nafasi ya kuanzia pale watoto walipo. Sipendekezi mikondo ya "werevu" na "wajinga", kwa sababu najua jinsi majina hayo yanavyonata kwa watoto. Saa moja ya jioni kwa wiki, kwa kundi linalorudia kugawanya, inatosha kuanzia.

Fimbo nayo? Huko Luwero, Uganda, mradi wa kupunguza ukatili ulipimwa katika shule za msingi 42: walioripoti kupigwa na walimu au wafanyakazi wengine wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 kwenye shule zenye mradi, na 49 kwenye zisizo nao. Alama za mitihani hazikupanda. Nalisema hilo waziwazi, maana wapo wanaodhani kuondoa hofu kunatosha. Hofu ikiondoka nafasi inabaki wazi, na lazima kitu kiwekwe pale.

Kuanzia matokeo ya mwaka 2022 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Ripoti nyingi za shule bado zinamwambia mtoto amekuwa wa 87 kati ya 92. Namba hiyo haimpi cha kufanya. Akipanda alama kumi na wenzake wakapanda, atabaki wa 87. Alama yake ya Machi ikiandikwa kando ya ile ya Mei, ataona kama amesogea, na bei yake ni wino.

Kazi kubwa iko kwenye daftari. Mwalimu mwenye wanafunzi 90, akisahihisha madaftari 15 kwa siku, anawafikia wote kwa siku sita za kazi. Asiandike "ongeza bidii". Aandike: "Hatua ya pili ni sahihi, rudia ya tatu," na kwa Kiswahili kama ndicho mtoto anachokielewa. Kisha wiki inayofuata alirudishe swali la aina ileile likiwa na namba tofauti, na asahihishe tena hatua ya tatu.